Kisu cha Kukunja Kilichovuka Bahari

Anayetaka kisu cha kukunja kitakachomfaa kwa miaka kumi, awe Iringa au Eldoret, mara nyingi hana budi kukiagiza ng'ambo. Sokoni visu vipo, tena tele: vya mpini wa plastiki au wa bati lililopakwa rangi, bei yake sawa na sahani ya wali, na hulegea kwenye ribiti kabla mwenye navyo hajazoea kuvifungua. Anayejua anachokitaka huvipita. Anachukua simu yake, anachagua kisu cha Uswisi, cha Ufaransa, cha Japani au cha Marekani, analipa, kisha anasubiri. Kifurushi kinavuka bahari, kinapita forodha, kinatozwa ushuru, na juu ya ushuru inakuja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania ni asilimia 18 na Kenya asilimia 16. Siku anapokishika mkononi, huenda gharama za njiani zimekaribia bei ya kisu chenyewe. Hata hivyo hajuti, kwa sababu anapokifungua kinalia "tak" mara moja, ubapa unasimama wima pasipo kuyumba, na akikiinua kwenye mwanga haoni upenyo kati ya ubapa na springi.

Wapo wanaomlaumu mtu huyu. Wanamwita mtumwa wa vya wazungu, wanasema fedha zake zingebaki kwa fundi wa mtaani kwake. Naona lawama hiyo haina haki. Fundi wa mtaani hana kisu cha namna ile cha kumuuzia, na mtu hawezi kununua kisichokuwepo. Swali la maana ni kwa nini hakipo. Majibu tuliyoyazoea ni mawili: kwamba hatuna ujuzi wa chuma, au kwamba tunapenda mno vya nje. Yote mawili hayasimami yakipimwa. Kisu kizuri cha kukunja hakitengenezwi kwetu kwa sababu hajatokea mnunuzi mkubwa wa kukaa kitako, akaandika anataka kisu cha namna gani, akatangaza kwamba atakayekifikisha kwenye kipimo hicho atanunuliwa kwa maelfu. Raia anayeagiza kimoja hawezi kuanzisha kiwanda. Jeshi, idara ya misitu, shirika la umeme na wizara ya kilimo wanaweza.

Ushahidi wangu wa kwanza ni kisu chenye jina kubwa kuliko vyote. Mwishoni mwa miaka ya 1880 jeshi la Uswisi liliamua kwamba kila askari apewe kisu cha kukunja chenye vifaa vinne: ubapa wa kukatia, kifungulio cha makopo, bisibisi, na ncha ya kutobolea. Kila kifaa kilikuwa na sababu yake. Askari alikuwa ameanza kula chakula cha makopo, na bunduki mpya ya mwaka 1889 haikufunguliwa bila bisibisi. Ndani ya Uswisi hapakuwa na karakana ya kutoa visu hivyo kwa wingi uliotakiwa, basi jeshi likafanya kile tunachofanya sisi leo: likaagiza nje. Visu vya kwanza vilitoka Solingen, Ujerumani, mji uliokuwa ukifua panga na visu tangu enzi za kati.

Katika kijiji cha Ibach, jimbo la Schwyz, alikuwepo fundi visu aitwaye Karl Elsener, aliyefungua karakana yake mwaka 1884. Aliwakusanya mafundi wenzake wakaungana kuifukuzia kazi hiyo, na mwaka 1891 wakapeleka jeshini shehena yao ya kwanza. Haikuwa safari ya raha. Solingen ilikuwa na mitambo na bei za chini. Wenzake wakajitoa mmojammoja, na Elsener akabaki na madeni yaliyokaribia kumfilisi. Hakuacha. Tarehe 12 Juni 1897 alisajili kisu chepesi zaidi kwa ajili ya maofisa, chenye ubapa wa pili mdogo na kizibuo cha chupa, na hicho ndicho kilichoishia kwenye mifuko ya dunia nzima. Kampuni yake ni Victorinox. Nusu ya kwanza ya jina hilo ni Victoria, mama yake. Nusu ya pili ni kifupi cha neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu.

Hadithi hii husimuliwa kama sifa za mtu mmoja mwenye subira, na subira alikuwa nayo kweli. Lakini tuangalie nini kilitangulia. Kabla Elsener hajapiga nyundo, jeshi lilikuwa limekwisha kuamua kisu kiweje, kwa ajili ya nani, na kwa kazi gani. Uamuzi ule ndio uliomwezesha fundi wa kijijini kujua anashindana na kitu gani, badala ya kushindana na kivuli. Tena jeshi halikumhurumia. Lilinunua Ujerumani kwanza, likawapa raia wake nafasi walipoonyesha kazi. Hata mwaka 2008, kisu cha askari kilipobadilishwa, zabuni ilitangazwa kwa mataifa mengine pia, na Waswisi wengi wakahofu kwamba kisu cha jeshi lao kingekuja kutengenezwa China. Victorinox ilishinda. Miaka 117 baada ya shehena ya kwanza, bado ilibidi ithibitishe kazi yake upya mbele ya mnunuzi.

Atatokea wa kusema kwamba hiyo ni Ulaya, na Afrika ni habari nyingine. Basi tumtazame Okapi. Kisu hiki cha mpini wa mbao uliopinda kidogo, chenye pete ya kuvuta ili kifunge, kilianza kutengenezwa Solingen mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Hata jina lake walilichuma kwetu, kwa yule mnyama wa misitu ya Ituri nchini Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu kabla. Kwa miongo mingi kisu cha Mwafrika kikawa kinaagizwa ng'ambo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji wake ukahamia Afrika Kusini, na huko ndiko kinakotoka hadi leo, kikiuzwa kwa bei ambayo mchunga ng'ombe anaimudu. Ubapa wake ni wa chuma cha kawaida chenye kaboni, ambacho hushika kutu kisipopakwa mafuta lakini hunoleka upesi kwenye kinoo chochote. Hakuna siri ndani yake. Kama Kusini mwa bara hili kimewezekana, hoja ya hali ya hewa na damu za watu haina pa kushika.

Na ujuzi je? Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya huko Kagera walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma kwa namna walivyofundishwa na baba zao, mbele ya mwanaakiolojia Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery. Walisaga udongo wa kichuguu wakaufinyanga, wakachoma matete hadi shimo likajaa mkaa wake, wakaingiza mirija ya mivukuto ndani kabisa ya tanuri. Kilichotoka kilikuwa chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1978, nayo ilieleza kwamba kazi ya aina hiyo ilikuwa ikifanyika magharibi mwa Ziwa Victoria tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wataalamu wamebishana baadaye juu ya namna moto ule ulivyofanya kazi, lakini hawakubishana kwamba chuma kilipatikana. Upande wa pili wa nchi, wahunzi wa ukoo wa Washana huko Upare waliwafulia majirani zao Wachaga mikuki na majembe. Na kwenye mwambao, mwanajiografia Al-Idrisi aliandika katika karne ya 12 kwamba chuma ndicho kilichokuwa bidhaa kubwa ya watu wa Malindi, na kwamba chuma cha pwani hii kilipelekwa India, ambako kilifuliwa kuwa panga.

Hapo pa Al-Idrisi ndipo ninaposimama kwa uchungu. Karibu miaka 900 iliyopita tulikuwa tunapakia chuma ghafi jahazini, na wengine wanakifua kuwa kitu chenye makali. Leo huko Liganga, wilayani Ludewa, kuna mlima wa madini ya chuma yenye vanadi na titani ndani yake. Vanadi ndiyo hasa inayotajwa kwa majivuno katika visu vya bei kubwa vinavyoagizwa Marekani: chuma kinachoitwa S30V, kilichotoka mwaka 2001, kina vanadi asilimia 4, na hiyo V mwishoni mwa jina ni kwa heshima yake. Chembe zake ngumu ndizo zinazofanya makali yakae. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu wa Njombe akalipa dola mia moja na zaidi apate kisu chenye madini ambayo yamelala mkoani kwake.

Hata hivyo, Liganga isiwe kisingizio cha kusubiri. Kisu kizuri cha kwanza hakihitaji vanadi, wala hakihitaji kuwa na vifaa vingi kama cha ofisa wa Uswisi. Hapa ndipo anayeagiza ng'ambo anatusaidia kuliko anavyodhani, kwa sababu kisu alichokileta ni mwalimu. Chukua Opinel, ambacho Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890 katika milima ya Savoie nchini Ufaransa. Kina mpini wa mbao uliochanwa mfereji mmoja, ubapa, ribiti, na kola ya bati. Mwaka 1955 ikaongezwa pete inayozunguka kuuzuia ubapa usijifunge. Springi hakina. Au chukua higonokami cha Japani, kilichozaliwa miaka ya 1890 katika mji wa Miki: bati moja limekunjwa kuwa mpini, ubapa una mkia mdogo wa kusukuma kwa dole gumba, ribiti inashika vyote, basi. Watoto wa shule wa Japani walichongea penseli kwa kisu hicho kizazi baada ya kizazi. Kinachozuia visu hivi visilegee ni msuguano peke yake, na msuguano unategemea jambo moja: ribiti imegongwa kwa nguvu gani, na nyuso mbili zinazosuguana zimesawazishwa kiasi gani.

Kazi hiyo mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Kamukunji jijini Nairobi wanaiweza. Wanakata springi chakavu za malori, ambazo ni chuma cha pua kizuri, wanazifua kuwa patasi, visu vya buchani na mashoka. Wanajua kwa macho rangi ya chuma kilichopata moto. Wanapokosa ni mahali pamoja, napo ndipo penye kiini cha kila kisu: kukipa chuma ugumu uleule, kisu cha kwanza na cha elfu. Chuma cha namna ile hupashwa hadi kiache kushika sumaku na kupita kidogo, kinachovywa kwenye mafuta, kisha kinapashwa tena kwa moto wa wastani, takriban nyuzi 200, mpaka uso uliosafishwa uwe na rangi ya nyasi kavu. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa. Ikirukwa, makali yanamegeka kama kigae. Moto ukizidi, yanajikunja kama bati. Fundi anayepima kwa rangi ya mkaa jioni na kwa rangi ya mkaa mchana hawezi kupata jibu lilelile, si kwa sababu ya uzembe, ila kwa sababu jua linadanganya jicho. Dawa yake ni tanuri dogo la umeme lenye kipimajoto. Hakuna fundi atakayekopa kununua tanuri la namna hiyo ili auze visu vitano kwa mwezi. Akiwa na mkataba wa visu elfu mbili, atakopa.

Na wa kuvinunua hivyo elfu mbili yupo. Nenda kwenye vitalu vya miche ya parachichi, Njombe au Murang'a, utazame kazi ya kubebesha. Fundi wa kitalu anachonga kikonyo cha parachichi aina ya Hass kwa mikato miwili kiwe kama kabari, anapasua shina la mche wa kienyeji, anakiingiza, anafunga kwa plastiki. Mkato unatakiwa uwe mmoja, laini, bila kurudia, maana gamba la ndani la kikonyo na la shina lazima yagusane ili yaungane; palipochanika pataoza. Kisu cha kazi hii, kilichonolewa upande mmoja tu na kinachokunjwa kikaingia mfukoni, hutengenezwa Ujerumani na Uswisi, na mafundi wa vitalu wengi hufanya kazi hiyo kwa wembe au kwa kile kisu cha kukatia makaratasi, ambacho ubapa wake hupinda katikati ya kijiti. Sekta nzima ya maparachichi tunayoyasafirisha kwenda Ulaya imeanzia kwenye mkato wa sentimita tatu. Serikali zinazogawa miche kwa wakulima, kama zina fedha za miche, zina fedha za kisu. Waongeze mafundi wa nyaya za umeme wanaomenya waya, askari wa wanyamapori, matabibu wa mifugo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, na tayari kuna soko ambalo Elsener angelifurahia.

Pingamizi la kwanza najua litatoka polisi: kisu cha mfukoni ni silaha. Sipuuzi hilo, na wanaoumizwa kwa visu si wa kufikirika. Lakini kila jiko la nchi hii lina kisu kirefu zaidi, na kila shamba lina panga. Waingereza, ambao wana sheria kali, walitenganisha mambo katika sheria yao ya mwaka 1988: kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, karibu sentimita 7.6, kisicho na kitasa cha kuushikilia ubapa ukiwa wazi, mtu anaweza kutembea nacho bila kudaiwa sababu. Kinachozidi hapo, au chenye kitasa, adaiwe. Mtu anaweza kubishana na kipimo, lakini angalau kipimo kipo. Japani ilipata wimbi la kuvichukia visu baada ya kiongozi wa Kisoshalisti, Inejiro Asanuma, kuuawa jukwaani mwaka 1960 kwa upanga mfupi wa jadi. Waliolipa ni watoto na mafundi wa higonokami, ambao hawakuhusika. Karakana zilifungwa, na leo imebaki moja yenye haki ya jina hilo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: China itatengeneza kisu hichohicho kwa nusu ya bei. Mji wa Yangjiang, mkoani Guangdong, unaishi kwa visu, na baadhi ya visu vyake siku hizi ni vizuri kweli. Sidai kwamba fundi wa Gerezani atauangusha Yangjiang sokoni. Ninachodai ni kwamba bei si ile iliyobandikwa kwenye kisu peke yake. Kisu ambacho ribiti yake inaweza kugongwa upya na aliyekitengeneza, mpini wake ukabadilishwa kwa mninga, makali yakarudishwa, kinaishi miaka ishirini. Kile cha kutupwa kinanunuliwa kila mwaka. Mnunuzi wa umma anayejua hesabu anaweza kuandika hilo kwenye zabuni: matengenezo ndani ya nchi, vipuri ndani ya nchi, kwa miaka kadhaa. Hakuna sheria ya biashara inayomkataza kutaka kisu kinachotengenezeka.

La tatu linauma, kwa sababu lina ukweli. Tulishajaribu. Dar es Salaam kulikuwa na Ubungo Farm Implements, iliyojengwa kwa msaada wa China, ikitoa majembe na mapanga. Mbeya kulikuwa na Zana za Kilimo. Vyote viliyumba soko lilipofunguliwa, na tukarudi kununua majembe ya nje. Kwa nini kisu kiende tofauti? Kwa sababu viwanda vile vilipewa soko bila kupimwa. Mkulima alinunua jembe lililokuwepo, lisilokuwepo akalikosa, na kiwanda hakikuwa na mtu wa kukirudishia jembe bovu kwa mzigo mzima. Mimi sipendekezi serikali ifue visu. Napendekeza inunue, na ikatae kununua. Vilevile sitaki tupige marufuku visu vya nje. Siku tutakapomzuia mtu wa Eldoret kuagiza kisu chake Uswisi, ndiyo siku fundi wetu atakapopoteza kipimo cha kujilinganisha nacho, na sisi sote tutakatia embe kwa bati.

Hati ya zabuni ya kisu hicho haizidi ukurasa mmoja. Ubapa wa sentimita 7, bila kitasa, ulionolewa upande mmoja kwa visu vya vitalu na pande mbili kwa vingine. Ugumu kati ya 55 na 58 kwa kipimo cha Rockwell, upimwe na shirika la viwango kwenye visu ishirini vilivyochomolewa bila kuchaguliwa. Mpini wa mbao ya hapa, ribiti ya shaba. Kifunguliwe na kufungwa mara elfu tano, kisha kiinuliwe kwenye mwanga kitazamwe kama kimelegea. Kikate kamba ya katani mara mia, kisha kikate karatasi bila kuichana. Kazi hiyo ifanyike hadharani, mafundi wenyewe wakiwepo, na bei isifunguliwe kabla ya kamba kwisha. Na juu ya meza ileile, pembeni ya sampuli za Gerezani, Kamukunji na Mbeya, kiwekwe kimoja kilichoagizwa ng'ambo, nacho kikate kamba ileile.